Jina la ukoo "Hongo": wenyeji wa Dodoma na Manyoni, hili linatoka wapi?

Kijukuu wa Saranda

Wakuu, habari za jioni.

Jana nilikuwa dirishani kwenye ofisi moja, nafuatilia karatasi za mtoto. Dada wa dirishani akaniuliza jina la kwanza, nikamtajia. La baba, nikamtajia. "La ukoo?" Nikamwambia: "Hongo." Akanyanyua macho, akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti: "Baba, hapa hatupokei. Nimekuuliza jina." Foleni nzima ikaangua kicheko.

Nina miaka arobaini na mbili, utani huu nimeuzoea tangu darasa la kwanza. Ila jana mwanangu wa miaka tisa alikuwa pembeni yangu. Njiani akaniuliza: "Baba, kwa nini tunaitwa rushwa?" Nikamnunulia miwa ili anyamaze.

Ninachokijua ni hiki. Kwetu ni Saranda, wilaya ya Manyoni. Ni Wagogo, au ndivyo tulivyokua tukijiita. Babu mzaa baba alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa ya vita ya Mjerumani, kwa hiyo weka kati ya 1917 na 1920. Hongo ni jina la baba yake. Zaidi ya hapo giza. Sijawahi kukutana na Hongo asiye ndugu yangu, si Dodoma, si Singida, si Dar. Nani analijua?

Chai ya Rangi

Mtu anaitwa Hongo halafu mke analalamika hahongwi. Nakaa siti ya mbele.

Mlenda Kwanza

Mbukwenyi! Mimi Mgogo wa Mvumi, baba na mama. Majina yetu mengi ukiyasikia unajua yametoka wapi. Mazengo, kwa mfano, ni majengo, maana kuzenga ni kujenga. Hongo sijawahi kulisikia kwetu. Nimemuuliza mama hapa jikoni, anasema neno hilo analijua la Kiswahili tu. Labda nyinyi ni wageni mliomezwa na wenyeji. Usikasirike mkuu.

Mzee wa Doti

Kijukuu, jina lako lina heshima kuliko wanavyodhani hao waliocheka. Hongo ya zamani haikupenyezwa chini ya meza. Ilikuwa ushuru wa njia, unalipwa mchana kweupe mbele ya wazee. Misafara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji haikuwa na pa kukwepea. Ukitoka Mpwapwa unavuka Marenga Mkali, nyika ya maji machungu. Ukishaimaliza Ugogo unakutana na Mgunda Mkali, pori mpaka Unyamwezi. Katikati ni Ugogo, na visima vina wenyewe. Unataka maji ya wapagazi mia tatu? Unataka mtama? Peleka kwanza hongo kwa mtemi. Burton alipita 1857 akinung'unika, Stanley akapita 1871 akienda kumkuta Livingstone Tabora, naye akinung'unika. Kila mtemi na hongo yake. Ukimalizana na mmoja leo, kesho unaanza na wa pili.

Ililipwa kwa doti. Doti moja ni shuka mbili, yaani mikono minane, mkono wa kiwiko hadi ncha ya kidole. Merikani, kaniki, na vitambaa vya rangi kwa mtemi mwenyewe. Nyinyi mnaonunua doti ya khanga Soko la Majengo mjue neno hilo limetembea na miguu. Mabishano yaliweza kula siku nzima na zaidi, huyu anasema kitambaa kifupi, yule anasema mkono wako mrefu. Lazima palikuwa na mtu wa mtemi wa kupokea na kupima. Mwenye jina lako alikuwa mtu huyo. Afisa forodha, kwa lugha ya leo.

Mpagazi wa Tabora

Hizo doti zilitoka pwani zikiwa mabegani mwa babu zangu. Kijukuu, sina ugomvi na wewe, ila nyumbani tuna daftari la madeni. Rudisha doti zetu. Hata za khanga tutapokea.

Fundi Saa

Mzee wa Doti, darasa zuri, ila Stanley alimkuta Livingstone Ujiji. Tabora walikuja wote wawili baadaye.

La pili ni hesabu. Babu wa mleta uzi kazaliwa wakati wa Mtunya. Baba yake, mwenye jina, tumpe miaka thelathini wakati huo, basi kazaliwa mwaka 1888 hivi. Mwaka 1889 Wajerumani wakajenga ngome Mpwapwa, baadaye wakaweka boma Kilimatinde, na hongo ya watemi ikazikwa. Mtoto wa kunyonya hawezi kuwa afisa forodha.

Mzee wa Doti

Ujiji, kweli, nimeteleza. Lakini hesabu yako imempa mzee wa watu mke mmoja. Mgogo mwenye ng'ombe anaweza kupata mtoto akiwa na miaka sitini, kwa mke wa tatu. Na hata kama alikuwa mchanga, mtoto anaweza kuzaliwa siku msafara umelipa vizuri. Hamjui watu wanaoitwa Njaa, Vita, Masika?

Binti Kondoa

Nakubaliana na Mzee kwa hili la mwisho. Babu yangu, Mrangi, anaitwa Jumatatu kwa sababu ndiyo siku aliyoandikishwa kodi. Alikuwa na jina lake zuri tu, karani hakulielewa, akaandika siku. Leo tuko akina Jumatatu ishirini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa Jumatatu.

Lakabu nazo zinaganda. Huyo Burton mwenyewe amemwandika mtemi mmoja wa Ugogo kwa jina la Maguru Mafupi. Mtu ana nchi yake, ana ng'ombe wake, vitabuni amebaki miguu.

Chai ya Rangi

Bora miguu kuliko rushwa.

Mmatumbi Halisi

Watu wa kati mmeng'ang'ania doti tu. Kwetu kusini ukitaja Hongo, mzee anavua kofia. Hongo ni pepo wa majini. Ndiye aliyemchukua Kinjeketile Ngwale pale Ngarambe mwaka 1904. Alivutwa ndani ya maji, ndugu wakajaribu kumtoa wakashindwa, kesho yake akaibuka mwenyewe, nguo kavu. Ndipo ikaja ile dawa ya maji. Na wajumbe walioisambaza kijiji hadi kijiji nao wakaitwa hongo. Agosti 1905 Kinjeketile akanyongwa, vita ndiyo kwanza vinachemka. Wewe ungekuwa mjumbe ungekimbilia wapi? Mahali ambapo hakuna anayeijua sura yako. Saranda panafaa kabisa.

Chai ya Rangi

Jamaa kaanza uzi akiwa rushwa, sasa hivi ni jini. Cheo kinapanda.

Fundi Saa

Mtu anayesakwa na Mjerumani hawezi kujitambulisha kwa jina la kosa lake. Ni sawa na mwizi ahamie mtaa mpya, balozi amuulize jina, aseme naitwa Mwizi.

Mmatumbi Halisi

Nani kasema alijitambulisha? Wenzake walimwita. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar mwaka 1905, mwaka ule ule wa vita, na vibarua walitoka kila upande. Kambini wanajuana. Mmoja anamwita mwenzake "we Hongo" kwa utani au kwa kumtisha, jina linashika, msimamizi mzungu anaandika asichokijua. Reli ikafika huko kwenu naye akafika nayo.

Dogo wa UDOM

Na reli imefika Dodoma 1914, kwa hiyo baba wa babu ana miaka tisa ya kujificha njiani. Inakubali.

Fundi Saa

1914 ni Kigoma, dogo. Dodoma ni 1910 na Tabora 1912. Saranda ipo kati ya hizo mbili, malizia mwenyewe.

Muuza Zabibu

Samahani nje ya mada, kuna mtu ana kiwanja kilichopimwa Nala au Ihumwa? Dalali asinijibu.

Mlenda Kwanza

Nenda jukwaa la viwanja. Hapa tunamtafuta babu.

Karani Mstaafu

Nimewasoma tangu mwanzo kimya kimya. Nimeandikisha watoto shule za msingi vijiji vya Dodoma miaka mingi, na kabla sijafa niseme ukweli. Majina mengi mnayoyabishania tumeyatengeneza mimi na wenzangu.

Picha yenyewe ni hivi. Januari, meza chini ya mbuyu, vumbi. Bibi ameleta mjukuu, hana cheti, ana kuku mkononi (si hongo, alikuwa anapitiliza mnadani). Anataja jina mara moja, haraka, akiangalia chini. Mimi mzaliwa wa Tanga. Kigogo kina sauti ambazo sikio langu halikuzijua: ile nh, ile mh, ile ng'h, pumzi inatokea puani kabla sauti haijafika. Yeye anasema nh, mimi nasikia h. Namwomba arudie, anarudia kwa aibu akidhani kosa ni lake. Naandika ninachokiweza. Mtoto wa Nh akarudi nyumbani na H tupu, na mpaka leo ana H yake kwenye kitambulisho.

Sasa tazameni jina la kata ile iliyo jirani na chuo kikuu: Ng'hong'onha. Iandike bila kuchungulia. Wangapi mmeweza? Mtu akitoka pale akahamia Saranda, wenyeji watamwita kwa alikotoka. Akija karani wa pwani, akaondoa zile pumzi za puani, akachoka katikati ya neno, anabaki na nini kwenye daftari?

Dogo wa UDOM

Mzee umemaliza. Nimepanga Ng'hong'onha miaka mitatu. Kwenye mkataba wangu wa gheto imeandikwa Ngongona. Konda anasema Ng'ong'ona. Mama mwenye nyumba anasema kitu ambacho hakiandikiki, na nikijaribu kumwiga anacheka mpaka anakaa chini.

Halafu nimeperuzi, Tokyo kuna mtaa unaitwa Hongo na una chuo kikuu ndani yake. Kijukuu kadai uraia.

Binti Kondoa

Mimi nilisoma na Mjaluo anaitwa Hongo. Naye alisema kwao hakuna rushwa kwenye hilo jina. Kila mtu na Hongo yake.

Mpagazi wa Tabora

Na akina Muhongo wa Mara je? Mu- ikidondoka si inabaki Hongo?

Mlenda Kwanza

Mu- haidondoki kama nyanya mbivu. Tusianze kuunganisha kila kinachofanana. Kwa mwendo huo na mimi ni ndugu yenu wa mlenda.

Kijukuu wa Saranda

Nimerudi. Asanteni wote, hata wenye majini.

Karani Mstaafu, maneno yako yameninyanyua kitini. Nimelifungua sanduku la marehemu baba, lile la bati la bluu ambalo kufuli lipo na ufunguo haupo. Cheti cha ubatizo cha babu nimekikuta. Kimekunjwa mara nne, mikunjo imekatika, imeshikiliwa na gundi ya karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Mahali pa jina la baba pameandikwa kwa wino mweusi uliopauka: "ongo". Herufi o ni ndogo. Mbele yake kuna H kubwa iliyobanwa kati ya mstari wa fomu na ile o, na wino wake ni wa bluu. Mkono si mmoja. Ile "ongo" imelala kulia, H imesimama wima kama nguzo ya simu. Kuna mtu alikuja baadaye akaiongeza.

Mzee wa Doti

Alikuwa anarudisha iliyosahaulika.

Karani Mstaafu

Au alikuwa anaficha iliyokuwepo. Kijukuu, nyanyua karatasi mbele ya taa. Zamani tulifuta kwa wembe, tunakwangua taratibu halafu tunasugua kwa ukucha ili wino mpya usisambae.

Kijukuu wa Saranda

Wakuu. Nimewasha tochi ya simu nyuma yake. Pale chini ya H mwanga unapita kuliko kwingine. Karatasi ni nyembamba. Pamekwanguliwa.

Chai ya Rangi

Uzi umegeuka wa upelelezi. Mke wangu naye amekuja kukaa hapa anasoma, chakula kinaungua.

Mama Wawili

Mnahangaika na karatasi wakati kwa Mgogo jina la tatu si ukoo. Ukoo ni mbeyu, mbegu, na mbeyu unaijua kwa mzilo wake, kile mlichokatazwa. Karani anaweza kukwangua jina, mzilo haukwanguliki. Kijukuu, shangazi zako walikukataza nini?

Kijukuu wa Saranda

Pundamilia. Hatumli wala hatukalii ngozi yake. Siku zote nilidhani ni kwa sababu ni nyara ya serikali.

Mama Wawili

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Sasa zunguka Manyoni na Bahi uulize nani wengine wana mzilo huo. Hao ndio ndugu zako, hata wakiwa wanaitwa Johnson.

Mlenda Kwanza

Dada, ila mgeni naye anapokelewa, anaoa, watoto wanafuata ya wenyeji. Koo ngapi za Ugogo zenyewe zinasema zilitoka Uhehe, Ukimbu, Unyamwezi? Hata hili jina la Wagogo inasemekana tulipachikwa na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wanapita.

Mpagazi wa Tabora

Karibuni. Na hilo jina mnalipia.

Binti Kondoa

Mji wenyewe haujui jina lake limetoka wapi. Mmoja anakwambia Idodomya, tembo alizama matopeni. Mwingine anakwambia Wagogo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakala, wakasimika mikia kwenye tope, wenye mali walipofika wakaambiwa ng'ombe wenu wamezama. Mnataka ukoo mmoja wa Saranda uwe na jibu?

Mlenda Kwanza

Ya mikia ni uzushi wa Wahehe.

Mwana wa Mpwapwa

Nimesita siku mbili kuandika hii. Kijukuu alitaja Mtunya kwenye posti ya kwanza, na wote mkairuka mkakimbilia doti na mapepo.

Bibi yangu alikuwa akilitaja neno hilo anashusha sauti, kana kwamba kuna mtu ukumbini. Mtunya ni kugombania. Majeshi ya Mjerumani yalichukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo. Akaja Mwingereza naye akachukua. Kisha mvua ikakata. Waliokufa ni wengi. Na wapo waliopona kwa sababu mtoto mmoja wa nyumba alipelekwa kwa watu wenye chakula akaachwa huko, na nyumbani kikarudi chakula. Bibi alikuwa mkali sana ukisema aliuzwa. Aliwekwa, anasema, aliwekwa tu. Mvua iliporudi wengine walikombolewa. Wengine hawakufuatwa.

Sasa mnasema Hongo ni baba wa babu kwa sababu limeandikwa mahali pa jina la baba. Chukulia ni mtoto mdogo aliyeachwa, amekulia kwa watu. Anapelekwa kubatizwa. Anaulizwa, baba yako nani? Hajui. Waliomleta wanajibu kwa niaba yake, na wanachokijua ni namna alivyofika. Hongo ni kitu kinachotolewa ili wengine wapite.

Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema sikuweza kulala bila kuiandika.

Chai ya Rangi

Nimejaribu kufuta utani wangu wa mwanzo, muda wa kuhariri umepita. Pole sana mkuu.

Kijukuu wa Saranda

Sina cha kubisha. Kuna kitu kimoja nakikumbuka. Babu alikuwa hamalizi chakula. Kila usiku alibakiza tonge moja, analifunika kwa kawa, asubuhi anampa mtoto yeyote wa nje anayepita. Si mjukuu, mtoto wa nje. Sisi tulilia wivu. Bibi alisema ni tabia za uzee, lakini babu alianza, baba aliniambia, akiwa kijana.

Na bibi hakuwahi kulitamka jina la mkwe wake. Alimwita "yule". Tulidhani ni heshima ya mkwe.

Fundi Saa

Pole mkuu. Mimi na ubishi wangu naomba niseme taratibu: tonge haithibitishi kitu, wazee wengi walioiona njaa wako hivyo. Na Wagogo wakati ule kuita mtoto kwa neno la Kiswahili cha pwani, sijui. Mlenda alisema mama yake halijui kwa Kigogo.

Mzee wa Doti

Neno lilipita Ugogo miaka mingi kabla ya Mtunya, kwenye mdomo wa kila mpagazi. Hilo la lugha si kikwazo. Mimi bado nasema ni mpokeaji, lakini hii ya Mwana wa Mpwapwa siitanii.

Mmatumbi Halisi

Na mimi sijaondoa pepo wangu. Anasubiri.

Kijukuu wa Saranda

MREJESHO, wiki mbili baadaye.

Nimekwenda kwenye kanisa lililotoa cheti, siutaji mji. Nilifikiri daftari kubwa la ubatizo litamaliza ubishi, kwa sababu cheti kinanakiliwa kutoka mle. Katibu ni kijana mwenye adabu, akaniletea maji ya kunywa kwanza, kisha akaingia stoo akakaa nusu saa. Akatoka na daftari ndani ya mfuko wa rambo, amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Mchwa. Wameanzia ukingo wa kushoto wa kila ukurasa wakala kwenda kulia, wameacha njia za udongo kama ramani ya mito. Mstari wa babu tuliupata kwa jina lake la ubatizo. Mahali pa jina la baba zimebaki herufi tatu: "ngo". Hapo hata ile o ya kwanza haipo. Kijana akaniambia, "Pole mzee, wangechelewa kidogo tu." Nikapiga picha, nikatoa sadaka, nikaondoka.

Dogo wa UDOM

Kwa hiyo inaweza kuwa hata Bongo.

Mpagazi wa Tabora

Ngongo. Mgongo. Chongo.

Binti Kondoa

Mpango wa kando.

Karani Mstaafu

Au Ng'hong'onha iliyokatwa. Mchwa nao ni makarani.

Mlenda Kwanza

Kijukuu, mwanao umemwambiaje?

Kijukuu wa Saranda

Nimempa zote. Amechagua ya pepo wa majini. Shuleni sasa hivi hawamchokozi.

Mmatumbi Halisi

Mtoto ana akili.

Nachingwea Kwetu

Habarini. Mjomba alitumiwa uzi huu kwenye kundi la familia, akanisukumia mimi, ndiyo maana nimejiunga leo. Mimi ni Hongo. Tupo Nachingwea, nyumba nne.

Mmatumbi usishangilie. Babu yetu alisisitiza mpaka anaingia kaburini kwamba sisi si wa kusini. Alikuja na karanga. Alikuwa kibarua Kongwa tangu ule mradi wa Waingereza ulipoanza 1947, kisha akaletwa huku na matrekta, mradi ukafa yeye akabaki. Jina alisema amelibeba kutoka Ugogo, na kuna mdogo wake alimwacha kwenye stesheni ya treni. Stesheni gani, hakuna aliyeuliza.

Chai ya Rangi

Nimesimama.

Mama Wawili

Mzilo wenu ni upi?

Nachingwea Kwetu

Hatuna. Babu alisema aliuacha Kongwa.

Kijukuu wa Saranda

Ndugu yangu, au usiwe ndugu yangu, karibu. Namba nakutumia inboksi. Nijibu moja tu hapa hapa: mzee alikuwa anabakiza tonge?

Nachingwea Kwetu

Hapana. Alikuwa anakomba mpaka sahani inang'aa, halafu anaangalia za kwetu.